Haya Si Kunyamaza: Kanuni Tulizoliandikia Kongamano Letu



Leo hatuna mshono mpya wala namna ya kufukiza nguo za fungate. Tuna jambo lililotukaa kifuani kwa muda mrefu, na tumeona tuliseme hapa kwa sababu wengi mnaotusoma ni wanafunzi wa udaktari, wakunga, manesi na wafamasia, na wengine mnaolewa mwaka huu huku kazi zenu zinawataka msafiri.

Sisi ni wanawake wanne wa Unguja: madaktari wawili, mkunga mmoja na mfamasia mmoja. Mwenzetu wa tano ni mdogo kwetu kwa umri, naye ni mkunga. Jina lake hatulitaji. Humu tutamwita mwali wetu, maana tulimcheza wenyewe siku ya harusi yake.

Picha iliyofika kabla ya boti

Mwali wetu alikuwa ametoka fungate siku kumi tu tulipokwenda naye kongamano la kitaaluma katika mji mmoja wa bara. Hina na piko bado vilikuwa vinang'aa mikononi mwake. Wakati wa chai, mkubwa mmoja katika fani yetu, mtu wa kuheshimika, aliuona ule urembo, akamshika mkono mbele za watu. "Kumbe tuna bi harusi hapa! Hebu tuoneshe vizuri." Mwali wetu akavuta mkono. Yule mkubwa hakuuachia. Akasema neno kuhusu bwana harusi aliyeachwa peke yake nyumbani, watu wakacheka, na mtu mmoja akapiga picha.

Na sisi tulicheka. Hakikuwa kicheko cha furaha, kilikuwa kile kicheko cha kutaka jambo lipite. Tulijiambia, ni mtu mzima, hana nia mbaya, tusimuaibishe.

Picha ile ilitiwa kwenye kundi la WhatsApp la washiriki. Mnajua namna picha zinavyotembea kwetu. Kabla boti yetu haijafunga gati Malindi, ilikuwa imeshafika kwa wifi yake, na kutoka kwa wifi imefika kwa mavyaa. Nyumba ya siku kumi, dada zetu, haijawa na kuta nene.

Mumewe, Mwenyezi Mungu amjaalie kheri, hakupiga kelele. Alimuuliza swali moja tu: "Mbona wakubwa zako walikuwepo pale pale?" Swali lile aliulizwa yeye, lakini lilikuwa letu.

Mwali wetu alikuwa na kazi yake nzuri aliyopanga kuiwasilisha mwaka uliofuata. Katika wodi yao walikuwa wameanza kupima damu anayotokwa mama baada ya kujifungua badala ya kuikadiria kwa macho, naye alikuwa ameandika kila kitu kwenye daftari lake. Baada ya safari ile alitwambia, "Daftari hili hapa. Mtanisomea nyinyi. Mimi siendi tena."

Hasara haikuwa ya mwali wetu peke yake

Kwa asiye wa fani, kongamano linaonekana kama safari ya hoteli na mfuko wa bure. Lakini ndipo maarifa yanapotoka wodi moja kwenda wodi nyingine. Chukua jambo hilo hilo la damu. Mwaka 2023 yalitoka matokeo ya utafiti mkubwa uliofanywa katika hospitali za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, ukihusisha wazazi zaidi ya 200,000. Wakunga walitumia shuka la plastiki lenye mfuko na alama za vipimo, ili damu ikifika kiwango cha hatari waijue mapema na watoe tiba zote kwa pamoja. Madhara makubwa ya kutokwa na damu yalipungua kwa asilimia 60. Jambo kama hilo mkunga hulisikia ukumbini, akarudi nalo kwao. Na mkunga mwenye la kwake la kueleza, akikaa nyumbani kwa sababu ya mkono ulioshikwa, yuko mzazi mahali fulani atakayelikosa.

Basi tusiseme ni mambo ya wanawake kujisikia vibaya. Ni mambo ya nani anaingia ukumbini, nani anasikilizwa, na nani anarudi nyumbani na heshima yake.

Tulichokuwa tukikiita haya

Tulikaa tukajihesabu. Kwa nini tulinyamaza? Kila mmoja wetu alijibu neno lile lile: haya.

Lakini haya tunayofundishwa siyo ile. Bibi Aisha (r.a.) aliwasifu wanawake wa Kiansari kwa kuwa haya haikuwazuia kuuliza na kuielewa dini yao. Na Bibi Rufaida wa kabila la Aslam alikuwa na hema lake la kutibu majeruhi ndani ya msikiti wa Madina. Sa'd bin Muadh alipojeruhiwa katika vita vya Khandaq, alipelekwa kwenye hema hilo. Hao walikuwa wanawake wenye haya, na walikuwepo mbele za watu wakifanya kazi. Haya yetu siku ile haikumlinda mwali wetu. Ilimlinda aliyemshika mkono.

Tulikwenda kwake tukamwambia, "Tulikukosea." Hakutujibu kwa haraka. Baadaye alisema, "Nilikuwa nawatazama nyinyi. Nilidhani mtasema neno." Hatujapata kuambiwa neno zito kuliko hilo.

Kadi ya harusi ilitusaidia

Mwaka uliofuata kongamano lilikuwa lifanyike kwetu kisiwani, na wawili kati yetu tukatiwa kwenye kamati ya maandalizi. Tukaomba jambo moja: kanuni za mwenendo, ziandikwe, zitumwe kwa kila mshiriki kabla hajalipa ada.

Mzee mmoja wa kamati, daktari aliyetufundisha wengi wetu, hakupenda. "Wanangu, sisi ni watu wazima na tunajuana. Mkiandika hivi, wageni wataona wanashutumiwa kabla hawajafika."

Tukamuuliza, "Mzee, kadi ya harusi ya binti yako iliandikwaje pale chini?"

Akacheka. Mnaijua kadi. Simu za kupiga picha haziruhusiwi ukumbini. Na hakuna shoga aliyesusa kwa kuandikiwa hivyo, kwa sababu kila mtu anajua ndani wanawake wamevua baibui, wamepambwa, wanataka kucheza kwa raha zao. Kanuni ile ndiyo inayowapa raha.

Kisha mzee akatuuliza swali lililokuwa bora kuliko maneno yetu yote. "Na mlangoni, wa kupokea simu, alikaa nani?"

"Shangazi yake bi harusi."

"Basi niambieni, hapa shangazi ni nani?"

Hapo ndipo tulipofahamu kuwa kurasa zetu tatu zilizojaa hasira zilikuwa karatasi tupu. Kanuni isiyo na mtu wa kukaa mlangoni ni pambo. Tukaanza upya.

Tulichoandika

*Mwili wa mtu.* Hakuna kumgusa mtu bila ridhaa yake, iwe mkono, bega au kiuno wakati wa picha. Kusalimia kwa kuweka mkono kifuani kunatosha, na asiyetoa mkono haulizwi sababu. Mzaha kuhusu umbo, ndoa au mimba ya mtu haumo katika salamu.

*Picha.* Kila mshiriki achague utepe wa kitambulisho chake cha shingoni: wa kijani kwa anayeridhia kupigwa picha, mwekundu kwa asiyeridhia. Mpiga picha wa kongamano awe amefundishwa hivyo, na asiyeridhia asiwekwe kwenye kundi lolote.

*Majina.* Utafiti mmoja wa Mayo Clinic, Marekani, uliotolewa mwaka 2017, ulitazama namna watoa mada wanavyotambulishwa. Wanaume walipomtambulisha mwanamume, walimwita "Daktari" karibu mara 7 katika 10. Walipomtambulisha mwanamke, hawakufika hata nusu. Sisi hatukushangaa, maana tumeshaitwa "mama" na "binti" mbele ya vipaza sauti mara nyingi tu. Tukaandika: kila mtoa mada aitwe kwa cheo chake cha kazi, mkunga aitwe mkunga, daktari aitwe daktari.

*Majopo.* Kisiwe na kikao cha wanaume watupu. Si jambo la kubuni kwetu. Mwaka 2019 Francis Collins, aliyekuwa mkuu wa taasisi za taifa za utafiti wa afya za Marekani, alitangaza kuwa ataacha kushiriki majopo yasiyojumuisha wanawake bila sababu. Mwaka huo huo yalichapishwa matokeo ya kuhesabu watoa mada katika makongamano 181 ya tiba ya Marekani na Canada: mwaka 2007 wanawake walikuwa karibu robo, mwaka 2017 walifika theluthi. Miaka kumi kwa hatua ile ndogo! Tukaongeza kuwa mwanamke asialikwe kusoma majina ya wageni tu, aalikwe kusema anachokijua.

*Maswali.* Uchunguzi wa mihadhara ya vyuo katika nchi 10, uliotolewa mwaka 2018, ulionesha kuwa swali la kwanza likiulizwa na mwanamume, wanawake huuliza machache zaidi baada yake. Basi mwenyekiti wa kikao akiona mkono wa mwanamke, aanze nao. Hakigharimu kitu.

*Ratiba.* Nafasi ya Adhuhuri na Alasiri iwemo ndani ya ratiba yenyewe, na pahala pa kutilia udhu pawe karibu. Mada muhimu isiwekwe kwenye chakula cha usiku, maana wapo wasioweza kukaa hadi saa nne, wapo wasiokaa meza yenye vileo, na wapo wenye watoto wa kulaza.

*Watoto.* Pawe na chumba cha kunyonyesha chenye mlango unaofungika, kiti, maji na friji ya kuwekea maziwa. Msaidizi anayemshika mtoto asilipishwe kiingilio.

*Shangazi wa kongamano.* Tulimteua mwanamke mmoja na mwanamume mmoja, wote nje ya uongozi wa kamati, namba zao za simu zikaandikwa nyuma ya kila kitambulisho. Kazi yao: kumsikiliza aliyekosewa, kumuuliza anataka nini kifanyike, kutunza siri yake, na kutoa uamuzi siku hiyo hiyo. Wana mamlaka ya kumwondoa mtu yeyote, hata mtoa mada mkuu. Na aliyelalamika kwa nia njema asiadhibiwe kwa namna yoyote.

Alipotokea wa kusema kuwa kongamano si kazini, tulikuwa na jibu. Mkataba nambari 190 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa Geneva mwezi Juni 2019, unahesabu udhalilishaji unaotokea kwenye safari za kikazi, mafunzo, matukio na hafla zinazohusiana na kazi. Hoteli nayo ni kazini.

Pahala ambapo na sisi tuliteleza

Rasimu yetu ilikuwa na kifungu kimoja tulichokipenda sana: mavazi ya heshima. Nesi mmoja Mkristo wa kamati, dada mpole asiyesema sana, alikisoma akatuuliza, "Dada zangu, na mimi nitapimwa na nani? Mtu akinidhalilisha, mtaanza kwa kutazama sketi yangu?"

Tulitahayari. Tulitaka mtilio wetu usiulizwe maswali, nasi tulikuwa tunaandika maswali kwa nguo ya mwenzetu. Kifungu tulikifuta. Tuliloliandika badala yake ni kuwa vazi la mtu, liwe linafunika au halifunika, si ruhusa ya kumgusa wala mada ya mzaha. Mwengine, daktari anayetumia kiti cha magurudumu, akatwambia kuwa jukwaa tulilokodi lina ngazi tatu. Tukatafuta ubao wa kupandia. Hapo tukajua kuwa ukitaka mlango upanuliwe kwa ajili yako, uutazame na kwa macho ya mwenzako aliyesimama nyuma yako.

Siku ya mtihani

Msidhani mambo yalikwenda kama maji. Siku ya pili, mgeni wetu mkubwa, aliyetoka mbali kwa gharama zetu, alitia mzaha katikati ya mada yake kuhusu manesi wazuri kuwa dawa ya kwanza ya mgonjwa. Baadhi walicheka. Mara hii sisi hatukucheka. Wakati wa mapumziko manesi watatu walikwenda kwa shangazi wa kongamano. Yeye na mwenzake wakamwendea mgeni faraghani, wakamwonesha kanuni alizotumiwa kabla ya safari, wakamwomba aseme neno la radhi kabla ya kikao chake cha pili.

Alikasirika. "Nimesafiri hadi hapa kuja kufundishwa adabu?" Kikao chake cha pili kikapewa mtu mwengine, naye akaondoka kabla ya jioni.

Chakula cha mchana kilikuwa kizito siku ile. Wapo waliotwambia tumemfukuza mtu mwenye elimu kwa neno moja, na kwamba wafadhili watatukimbia. Na kweli mada ile ya figo tuliikosa, na tulikuwa tunaihitaji. Hatusemi haikuwa hasara. Tunasema mwaka wa nyuma tulilipa hasara nyengine, na bili ile tulimpa binti wa siku kumi za ndoa ailipe peke yake. Mzee wetu wa kamati ndiye aliyenyanyuka mezani akasema kwa sauti ya kusikika, "Simu yake imezuiliwa mlangoni. Harusi inaendelea." Tukaendelea.

Bi harusi wetu, kabla ya kukubali mwaliko

Ukialikwa, uliza mapema, na si ukosefu wa adabu kuuliza: Kuna kanuni za mwenendo zilizoandikwa, na nani anazisimamia? Picha zinapigwa kwa ridhaa? Ratiba ina nafasi ya sala? Nikija na mtoto mchanga, ipo nafasi yake? Tunalala wapi, na usafiri wa usiku ni wa namna gani? Kisha mueleze mumeo majibu, muwe mmepanga pamoja, ili likitokea la kutokea usiwe unaanza kujieleza.

Na nyinyi wakubwa, akina somo na mashangazi wa kazini, tunawaomba hivi: mkimuona mdogo wenu amevuta mkono na mkono haujaachiwa, semeni. Neno fupi linatosha. "Muachie." Sisi hatukulisema, na hadi leo tunalitamani.

Asubuhi ya siku ya tatu

Hatukujua kama mwali wetu atakuja. Tulimtumia kanuni, hakujibu. Asubuhi ya siku ya tatu alishuka kwenye gari na mtoto wa miezi minne, na nyuma yake, amejitanda baibui lake, na mkoba wa nepi mkononi, akashuka mavyaa. Yule yule aliyetumiwa picha. Alitusalimia kwa heshima, kisha akauliza, "Hicho chumba chenu cha mtoto kiko wapi? Na huo mlango, unafungika kweli?" Tukampeleka. Akaujaribu mlango mara mbili.

Mwali wetu alivaa utepe mwekundu. Alitambulishwa kwa cheo chake, mkunga, akaeleza kwa dakika kumi na mbili kuhusu daftari lake, shuka lenye vipimo, na wazazi waliowahiwa. Swali la kwanza liliulizwa na mkunga kutoka Pemba, naye alitaka kujua mashuka hayo yanapatikana wapi na kwa bei gani. Waliendelea kuzungumza hadi chai ikapoa.

Picha ya siku ile hatuna, kwa kuwa alikataa. Tunayo kanuni, tunayo namba ya shangazi nyuma ya kitambulisho, na tunaye mwali wetu, ambaye sasa yumo kwenye kamati.

Ya Rabbi, tujaalie haya inayolinda na si haya inayoficha makosa ya wengine. Walinde mabinti zetu safarini na makazini, na uzitie baraka nyumba zao.

Wabillahi tawfiq. Tukutane wiki ijayo, inshaAllah.